Kitufe cha Sauti cha Mama

Nilimtengenezea mama yangu kitufe cha sauti kwenye kompyuta, nikasahau kukiunganisha na sauti. Cheka tu. Kilikuwa kikubwa kama kisahani cha chai katikati ya skrini. Ukikivuta kwa kipanya kinazunguka, namba zinapanda mpaka mia. Sauti yenyewe inabaki palepale. Mimi niliyeishia kidato cha nne, nikakaa nyumbani mtaani Wabera bila kazi mpaka kuku wananiona kama kiti, nikajiona fundi. Mama alikizungusha, akasema, "Sasa nasikia vizuri."

Sisi tuliokulia Isiolo wakati ploti nzima ilikuwa na redio moja tunajua kitufe cha sauti kilikuwa na heshima gani. Cha kwetu kilipotea, baba akachomeka kifuniko chekundu cha dawa ya meno, na mtoto hakuruhusiwa kukigusa. Betri zikichoka tulizianika juu ya mabati kama nyama, jioni zikaongea tena kidogo. Tungekuwa nje tunacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, vumbi mpaka kwenye meno, kipande cha mkate wa anjera mkononi, na habari ikianza tunanyamazishwa sote. Mama alitaka kusikia kama mvua imefika upande wa Biliqo, kwa kaka yake na ng'ombe wao. Baba akitoka, tukichokora kile kifuniko kidogo tu, sauti ya mama ilitufikia kutoka jikoni: "Punguza!"

Masikio yale! Yuko bombani anachota maji, anasikia mkebe wa sukari ukifunguliwa ndani ya nyumba. "Guyo! Rudisha kijiko!" Mbuzi wakirudi alijua kwa mlio yupi amebaki nyuma. Alfajiri alikuwa ameshaamka kabla mwadhini hajakohoa. Nadhani alipewa masikio ya watoto wote wa mtaa, ndiyo maana sisi tulikuwa hatusikii tukitumwa dukani.

Watoto wa leo masikio yao wameyaziba kwa vile vidude vyeupe vya muziki. Unamwita mtu mpaka koo likauke, ndipo atoe kimoja akuulize, "Umesema?" Nilikuwa nawacheka sana.

Sasa mjomba wa Biliqo hututumia ujumbe wa sauti kwa simu, nami nauhamishia kwenye kompyuta kuukuu niliyoinunua saiba moja ya intaneti ilipofungwa, kwa sababu ya spika zake. Alama ya sauti iko pembeni, ndogo kama punje ya mchele, mama haioni. Ndipo nikaandika hiyo programu, kwa kufuata video nilizoelewa nusu. Kitufe nilikichora chekundu, na vile vifereji vya pembeni, kama kifuniko cha baba.

Juzi nikakizungusha mpaka sifuri, kwa maringo tu. Mjomba akaendelea kuongea. Nikarudi kwenye programu, nikakuta mstari wa kuipeleka ile namba kwenye spika sikuuandika kabisa. Nikauandika. Halafu nikakaa, mkono juu ya kipanya. Siku zote hizo mama alikuwa anasikia vizuri kitu gani? Nikakumbuka kwamba siku hizi hungoja anione natawadha ndipo ajue ni wakati wa swala. Mimi nilidhani ni magoti yanamchelewesha.

Jana mjomba akatuma ujumbe mwingine. Kiangazi kimemuua yule ng'ombe mweusi wa mama, wa mwisho aliyekuwa amebaki kule kwa jina lake. Nilishindwa kumwambia kwa mdomo wangu, nikaacha mjomba amwambie. Nikaweka mia. Spika zikatetemeka, vikombe vikagongana kabatini. Nilikuwa nangoja neno moja tu, lile la jikoni.

Mama akatabasamu. "Alhamdulillahi," akasema. "Anasema wako salama."

Enzi zile kitufe kilikuwa cha baba na masikio yalikuwa ya mama, na sisi tulikuwa na hamu tu ya kukua tujizungushie wenyewe. Haya, nimekua. Kitufe ni changu, nimekichora mwenyewe, nakifikisha mwisho na hakuna anayenikataza ndani ya nyumba hii.

Neno lenyewe lilikuja, lakini kutoka upande wa pili wa mabati, kwa jirani yetu Mama Kendi, muuza miraa:

"Guyo, punguza hiyo kitu! Mama yako hasikii, lakini sisi tunasikia!"