Kopo la Chumvi Dirishani

Asubuhi ile mwenye duka la mikate alikuwa amekaa kwenye kigoda katika banda la fundi viatu, ng'ambo ya barabara kutoka duka lake mwenyewe, ameshika kifua kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe.

Wafanyakazi wake walimwita Kamera. Si mbele yake, bila shaka. Mbele yake walimwita Mama na kunyoosha mgongo. Jina lilimfaa. Alikuwa na macho hata kisogoni, na tangu mumewe afariki hapakuwa na mkate uliotoka dukani bila yeye kuubonyeza. Aliwahi kuanza safari ya kwenda kwenye maziko ya jamaa akarudi njiani kwa sababu roho ilimwambia hamira imelala. Marehemu, kwa bahati nzuri, hakulalamika.

Kisha akaanguka mbele ya oveni. Mwenyewe alisisitiza kwamba alianguka kidogo tu, kipimo ambacho daktari hakukifahamu. Daktari alimtaka apumzike. Binti yake alitaka zaidi.

"Wiki moja, Mama. Usiingie, usichungulie, usipige simu. Tukiweza, duka lipo. Tukishindwa, tulifunge ukiwa hai, tusingoje siku ya kukuzika."

"Na nikifa nyumbani kwa mawazo?"

"Basi tutajua haikuwa oveni."

Ulimi ule aliurithi kwa mama yake, kwa hiyo hapakuwa na wa kumlaumu.

Nyumbani, hata hivyo, hakukalika. Kabla jua halijatoka alikuwa kwa fundi viatu na jozi aliyoinyakua chini ya kitanda.

"Hivi vina nini, jirani?"

"Vinabana."

Fundi akavigeuza mwangani. "Vinambana nani? Hivi ni vya marehemu mumeo."

"Wewe shona tu."

Fundi alikuwa mtu mwenye adabu. Akavichukua viatu vizima na kuanza kuvitafutia ugonjwa.

Ng'ambo, taa za duka zilikuwa zinawaka. Kupitia kioo alimwona shemeji yake, mdogo wa marehemu, akikanda unga. Nyuma yake alikuwepo mama wa kuchoma mikate, ambaye walizoea kumwita Mpole kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia sauti yake ikipanda. Binti alikuwa anapanga trei. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na kwenye ukingo wa dirisha palikuwa na kopo la chumvi.

Alipoliona kopo lile, akaacha kutazama mengine yote.

Chumvi alitia yeye. Siku zote yeye. Hakupima, alichota kwa kiganja, akamwaga, akageuka. Aliwafundisha kukanda, kuchoma na kufungasha, lakini aliyegusa lile kopo alikemewa mpaka akasahau alikuwa anatafuta nini. Alikuwa kama mtu aliyewakabidhi wenzake nyumba, akabaki na ufunguo kiunoni. Na katika maagizo yote aliyoyatoa kabla ya kuondoka, pamoja na agizo refu kuhusu ufagio, hakutaja chumvi.

Gari la shule ya bweni lingefika wakati wowote. Shule ile ndiyo iliyoliweka duka mjini. Wanafunzi husamehe hesabu ngumu. Mkate usio na ladha hawasamehe.

Akainuka.

"Kaa," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Binti yako alipita hapa jana. Ukivuka, nimwambie."

"Hata wewe umenunuliwa?"

"Kwa mkate mmoja. Mimi si ghali."

Akakaa. Akangoja harufu ya mkate, nayo haikuja. Gari la shule likaja, likasimama, likapiga honi, harufu bado. Hapo hofu ikabadilisha sura, maana jambo halikuingia akilini: unga usio na chumvi huumuka mbio kama umbea. Huu ulikuwa umelala. Hamira imekufa? Gesi imekwisha? Shemeji kaanguka? Akawahesabu vichwa. Wote walikuwepo, wamesimama, na shemeji alikuwa amerusha mikono juu. Mpole alikuwa anapiga kelele.

Mpole!

"Wanauana," alisema Kamera, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

"Wanazungumza," alisema fundi.

Binti akatoka, akaenda kwa dereva wa shule, wakaongea kwa muda. Kisha akavuka barabara moja kwa moja hadi bandani. Mama yake hakuwa na pa kujificha ila nyuma ya kiatu.

"Shikamoo, Mama. Viatu vya Baba vina nini?"

"Vinabana. Niambie upesi, mmesahau chumvi?"

"Tumetia."

"Mungu ashukuriwe."

"Wote watatu."

Ikawa hivi. Shemeji alitia alipofika, kwa siri. Mpole alitia mwenzake alipokwenda kunawa. Binti alitia mwisho, akiwa amewageuzia mgongo. Kila mmoja alikuwa na hakika wengine watasahau, na kila mmoja aliogopa kuonekana ameshika kopo. Unga ukakataa katakata kuumuka.

"Sasa kwa nini hamkuulizana?"

Binti alimtazama. "Mama, duka letu watu huulizana?"

Swali lile lilimtia baridi kuliko mengine yote ya asubuhi hiyo. Alikuwa ameogopa kwamba bila yeye watu wake wangezubaa. Kumbe walikuwa wanatetemeka, na walitetemeka hata asipokuwepo.

"Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama," fundi akasaidia. "Hawakusema habari ya manahodha wanaojificha."

"Na dereva umemwambia nini?" Kamera akamgeukia binti.

"Ukweli. Kwamba asubiri tukande upya."

"Ukweli! Kwa dereva wa watu?"

"Amecheka mpaka akakohoa. Amesema wewe ukichelewa humwambia umeme umekatika, naye taa anaziona zinawaka."

Gari lilisubiri. Mikate ilitoka jua likiwa juu, na binti akamwambia mama yake walichokubaliana: atakayetia chumvi alipindue kopo dirishani, mwenzake aone.

Kesho yake Kamera alirudi bandani na viatu vilevile. Fundi, kwa kukosa la kufanya, alikuwa anavipiga rangi. Ng'ambo, unga ulikuwa mezani, na kopo lilikuwa limesimama wima. Shemeji akapita karibu nalo, asiliguse. Mpole akapita. Mguu mmoja wa Kamera ukatangulia kwenye lami.

Ndipo mkono ukatokea, ukachota, na baada ya kitambo ukalirudisha kopo juu chini. Kwa umbali ule hakuweza kujua ulikuwa mkono wa nani.

Akaurudisha mguu. Alikuwa bado anatetemeka, lakini safari hii alitetemeka akiwa amekaa.