Noti ya Kale Kwenye Shela la Bhoke

Habari hii huwa naikwepa, kwa sababu ukweli wenyewe ni kwamba nilimvua bibi harusi shela mbele ya ukumbi mzima, na bibi harusi huyo alikuwa Bhoke, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja.

Soko huria lilikuwa limeshaingia, mtu anaweza kushika dola bila kuogopa kuitwa mhujumu uchumi, na mimi nilikuwa nakusanya noti za kale za Marekani, zile ambazo benki za vimji vidogo vya huko zilitoa kila moja na jina la mji wake (vimji vya kulingana na Bunda tu, msifikiri Nyuyoki). Ya kuringia ilikuwa moja, kubwa kuliko noti zetu, niliyobadilishana kwa barua na mzee mmoja wa huko, na siku ya harusi nikatoka nayo Musoma mfukoni mwa koti ili nikamwonyeshe rafiki yangu Salum, fundi cherehani pale Manyamanyama, huko huko Bunda kwenye harusi.

Ukafika wakati wa kuwatunza maharusi, wajomba wa upande wa pili wakamwaga hela, na mimi kwa majivuno nikasema ngoja niipeperushe kidogo waione, halafu nitoe shilingi zangu. Mshereheshaji akaidaka.

"Mjomba katunza dola," akatangaza, na kabla sijafungua mdomo akaibana kwa pini kwenye shela la Bhoke. Pini, ndugu zangu, kwenye noti iliyokaa miaka yote hiyo bila hata kukunjwa.

Nikaruka kuichomoa, saa yangu ikanasa, nikavuta, likaja shela pamoja na nywele za bandia. Muziki ukazimwa.

"Marwa," dada akaniita taratibu, "unamnyang'anya mtoto tunzo lake?"

Nikaeleza habari za benki na vimji, jasho linanitoka, hakuna aliyeelewa isipokuwa Bhoke, kakaa pale kichwa wazi.

"Nilikuwaga nakuona unaziangalia na lensi," akasema. "Chukua noti yako mjomba. Mimi utanipa mbuzi." Akaanza kucheka, ukumbi ukamfuata, na mbuzi nikampa wawili.

Noti ninayo mpaka leo, na matundu yake ya pini. Salum anasema imeshuka thamani. Mimi naipenda kuliko zote. Ila harusini sibebi tena kitu cha kuringia, na dada haniamini hata hivyo: hunisubiri mlangoni, ananipekua mifuko kimyakimya mbele za watu, nami nainua mikono juu.