Moyo wa Ndama wa Tembo kwenye Friji Langu

Mwanza nzima mimi ndiye niliyejiita mtaalamu wa virusi vya wanyamapori, maana hakutokea mwingine wa kubisha. Jokofu la maabara yetu lilikuwa limekufa. Basi daktari wa hifadhini aliponiletea kipande cha moyo wa ndama wa tembo aliyekufa ghafla, nikajibu kifua mbele: kitalala kwangu. Soko huria lilikuwa limeniletea friji la mtumba kutoka Dubai, nami nililiweka sebuleni wageni walione.

Kule hifadhini alibaki ndama mwingine, naye uso umeanza kuvimba. Vipimo vya Dar vikithibitisha kirusi, dawa ingeagizwa upesi. Bila majibu, hakuna wa kuiidhinisha. Ndege ya kupeleka sampuli Dar ilikuwa kesho yake jioni.

"Barafu unayo?" daktari aliuliza. Nikamcheka. Viwanda vya sangara vilijaa barafu, lakini mimi, msomi mzima, nikaombe barafu ya samaki? Thubutu!

Nyumbani alikuwepo mama mkwe, amekuja kutusaidia na mtoto mchanga. Kwetu Usukumani mtu na mama mkwe wake hawatazamani, na mengi hupitia kwa mke. Kesho yake asubuhi mke wangu alikuwa ameshakwenda kliniki na mtoto. Nikasimama nje ya dirisha, nimeupa ukuta uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Kwenye friji kuna nyama. Naomba itunzwe sana."

"Itatunzwa, baba."

Kumtajia mkwe moyo wa tembo aliyekufa niliona aibu. Nikaenda zangu kazini, nimejaa sifa kwa adabu yangu.

Mchana umeme ukakatika. Niliporudi kuchukua sampuli, uani kulifuka moshi. Mama mkwe alikuwa ameuona mzigo unayeyuka, akautunza kama watunzavyo wanawake wa ziwani: ameupasua, ameutia chumvi, ameubanika. Na ulinukia vizuri, Mungu anisamehe. Kirusi gani kingebaki hai mle? Nilikaa kwenye jiwe nikajitukana kwa Kisukuma, maana Kiswahili hakikutosha.

Usiku mke wangu alimweleza mama yake yote. Tangu hapo kila siku nililetewa swali kutoka jikoni: yule mgonjwa anaendeleaje?

Kisha daktari akaja tena na kifurushi. Safari hii nilikimbilia kiwandani, nikaomba barafu ya samaki kwa unyenyekevu wote, nikajaza ndoo, nikakizika kifurushi humo. Nikapita nyumbani kuchukua shati, niupeleke mzigo Dar mwenyewe. Mama mkwe alikuwa sebuleni. Sikutafuta dirisha wala ukuta. Nilimtazama usoni, mara ya kwanza tangu nioe.

"Mama, humu mna moyo wa ndama wa tembo. Nakuomba usiuguse."

Akajifunika khanga haraka.

"Nimesikia, baba. Na yule mwenzake, amepona?"

Mwenzake ndiye aliyekuwa kwenye ndoo.