Ufunguo wa Jirani

Wiki iliyopita nilirudi Butembo kutoka Beni, nikanunua kitasa kipya cha mlango. Nilipoingiza ufunguo taratibu, nikasikia vijiti vya ndani vikipanda kimoja kimoja: tik, tik, tik. Rafiki yangu, mwili ulinisisimka! Mara nilikuwa tena msichana mdogo uani kwa nyanya yangu, vidole vinanuka mafuta ya mashine, na maharagwe yanatokota juu ya kuni za mkaratusi.

Nyanya ndiye aliyetunza mavuno ya kanisa. Wamama walileta maharagwe, viazi na mahindi, vikakaa katika stoo yake hadi Jumapili ya mavuno. Kazi hiyo ilikuwa fahari yake.

Mwaka ule mfanyabiashara mmoja alileta vitasa vipya vinavyong'aa, na avenyu yetu nzima, nyumba kwa nyumba, ikanunua. Alasiri moja jirani yetu mmoja alileta gunia lake la maharagwe, akakuta nyanya hayupo na mvua inaanza. Kwa haraka akajaribu ufunguo wa nyumba yake mwenyewe. Mlango ukafunguka. Akaingiza gunia, kisha akasimama barazani kumngoja nyanya.

“Mama, hapana unifunge! Funguo yangu inafungula kwako.”

“Weye mwizi wa maharagwe!” Nyanya akacheka, kisha kicheko kikamkatika. Walijaribu tena pamoja, kisha kwenye milango mingine ya avenyu. Ni kweli: vitasa vyote vilikuwa na ufunguo mmoja.

Jirani angeweza kunyamaza. Hakunyamaza, na habari zikafika kanisani. Wamama wakaja kwa heshima. “Hapana sisi tunakukatala, mama. Lakini stoo ya kila mutu si stoo.” Jumamosi mavuno yangehamishiwa nyumba nyingine. Siku ile nyanya hakugusa bugali.

Mimi nilikuwa na kitasa kibovu cha aina ileile, cha zamani zaidi, nilichopewa na seremala. Silinda yake, ile sehemu inayozunguka, ilikuwa imepasuka, ila funguo zake mbili zilikuwa nzima. Nilijaribu mmoja mlangoni kwa nyanya. Uliingia vizuri, ukakataa kuzunguka. Kwa nini? Swali hilo liliniwasha kama upupu.

Nikaomba ruhusa, nikafungua kitasa cha nyanya. Springi zikaruka hadi kwenye beseni la maharagwe. “Leo tutakula resori!” nyanya akasema, akainama kuzitafuta pamoja nami.

Hapo nikaona. Ndani kulikuwa na vijiti vya shaba, virefu na vifupi, vimekaa katika matundu ya silinda. Meno ya ufunguo huviinua. Vichwa vyote vikilingana na ukingo wa silinda, inazunguka. Kimoja kikizidi au kikipungua, inagoma. Basi kitasa hakijui mwenye nyumba. Kinajua urefu tu! Nikaingiza ufunguo wa kitasa kibovu katika silinda ya nyanya, nikachagua kutoka vitasa vyote viwili vijiti vilivyolingana na meno yake, tundu baada ya tundu, nikipitisha kidole hadi pakawa laini kama kioo. Nikarudisha springi na kitasa mlangoni, na ule ufunguo ukazunguka!

Jumamosi wamama walipokuja na vikapu vyao, nyanya alimwita jirani ajaribu ufunguo wake mbele yao. Jirani alizungusha, akasukuma kwa bega, akatoa jasho.

“Basi sasa nitaiba wapi?” akauliza. Vigelegele vikapasua ukungu. Vikapu vikarudi vitupu.

Wamama walipoondoka, nyanya akachukua ule ufunguo wa pili, akaufunga katika ncha ya kitenge cha jirani. “Mulango inafungwa na chuma,” akasema. “Nyumba inafungwa na jirani.”

Stoo ile haipo tena, na wote wawili wamelala makaburini. Kitasa changu kipya kimekuja na funguo tatu. Mmoja ni wangu, mwingine nimempa binti yangu. Wa tatu uko mezani, nami tangu asubuhi natazama milango ya avenyu, nikijiuliza nianze kubisha wapi.