Nilimuacha Neema Achunge Hema

Musinihurumie. Musome tu, halafu munitukane mukipenda. Kuna mutoto nilimuumiza vibaya sana, na nilikuwa nacheka nikimuumiza.

Miye ni baba wa familia hapa Goma, natumika ku biro, ofisi fulani. Niko mutu wa kelele na sipendi maulizo. Nyumbani tuko watano: miye, bibi yangu Mama Junior, watoto wetu wawili wadogo, na Neema.

Neema ana miaka kumi. Ni mutoto wa dada ya bibi yangu. Vita iliwatoa kwao Rutshuru, yeye na mama yake, wakaishi chini ya bashi, yale maturubai ya wakimbizi, kule kambini Kanyaruchinya. Siku moja mama yake akamwambia, "Kaa hapa uchunge vitu, naenda kutafuta chakula ku shamba, nakuja sasa hivi." Hakurudi mpaka leo. Tulipomuchukua mutoto, tulimukuta peke yake na sufuria moja.

Hiyo yote nilijua. Nilijua kabisa!

Sasa wakati wa vakansi, masomo yamefungwa, mwenzangu wa ku biro akanionyesha foto zake: yeye, bibi na watoto wamelala ndani ya hema kando ya ziwa. Wivu ukanikamata. Nikasema na miye nitapeleka wangu mpaka Vitshumbi, kijiji cha wavuvi ku ziwa, wavute hewa, waone viboko. Nikanunua hema, nikaazima gari ya shemeji.

Munajua desturi yetu, safari haitangazwe. Ukitangaza, wenye roho mbaya wanakutangulia barabarani. Kwa hiyo sikuambia watoto kitu. Asubuhi nikaingia tu na sauti yangu: "Vaeni! Kila mutu blanketi na nguo mbili! Haraka, na musiulize!"

Neema akauliza pole pole, "Papa, na madaftari nibebe?"

"Nimesema musiulize!"

Akatoka amevaa kanzu tatu, moja juu ya nyingine. Nilimucheka sana. Nikamwambia, "Weye, unaenda kuuza nguo ku soko?"

Tulipopita Kanyaruchinya, akajikunja chini kati ya viti, akafunika kichwa na blanketi. Miye nilizani ni kichefuchefu. Nikamutupia mufuko: "Ukitapika ndani ya gari ya watu, leo utanijua!" Nikaendelea kuimba.

Kalengera tukasimama, nikawanunulia mahindi ya kuchoma. Junior na mudogo wake wakamaliza yao. Neema alikula nusu, nusu akaificha ndani ya kanzu. Bibi yangu aliona. Akanivuta pembeni.

"Papa Junior, huyu mutoto hayuko sawa. Mwambie tunaenda wapi."

"Aka! Weye nawe! Atafurahi akifika."

Ningemusikiliza bibi yangu siku ile, leo singekuwa naandika haya.

Vitshumbi, chefu wa kijiji alitupa nafasi nzuri karibu na nyumba zao. Nikasimamisha hema. Wadogo wakaruka-ruka, wanaingia, wanatoka. Neema alisimama anaiangalia tu, mikono imeshika ile sufuria yake ya kambini; sikujua aliibeba saa ngapi. Nikatoa telefone: "Neema, cheka basi, tunapiga foto!" Akacheka. Ile foto ningali nayo, na sijapata nguvu ya kuifuta wala ya kuiangalia.

Halafu tukataka kwenda kununua samaki pale pirogi, mitumbwi ya wavuvi, zinafikia. Vitu lazima mutu avichunge, na kwetu kazi hiyo ni ya mutoto mukubwa. Nikamwambia, "Weye ndiye mukubwa. Kaa hapa uchunge vitu, tunakuja sasa hivi."

Eh Mungu wangu! Yale maneno yalitoka ndani ya kinywa changu mwenyewe, na sikushituka!

Tulikawia. Wadogo walitaka kuona viboko, halafu wakakimbiza yale mandege makubwa yenye vipara yanayotembea kijijini kama wazee wa baraza. Miye nilikuwa napiga foto za kumuonyesha yule mwenzangu. Tuliporudi, hema ilikuwa imefungwa vizuri, blanketi zimekunjwa, viatu vimepangwa. Neema hakuwa hapo.

Nikaita mpaka sauti ikakauka. Ziwa hili hapa, viboko hivi hapa! Bibi yangu alitupa samaki chini akakimbia miguu mitupu, analia jina ya dada yake, mama ya Neema.

Tulimukuta kule wamama wanapasua samaki. Amesimama mbele yao na sufuria yake. Mama mumoja akaniuliza, "Papa, huyu ni wako? Anatuuliza ni wapi wanaandika majina ya wakimbizi. Anasema, 'Muniandike, niko mumoja, sina watu.'"

Nikachuchumaa mbele yake. Nikasema, "Neema, sisi ndio watu wako!"

Aliniangalia, akasema: "Nisamehe, papa. Kama ni kwa sababu nilikuwa nakula mingi, nitapunguza."

 Miye nililia mbele ya wale wamama, mwanaume muzima, na sikuona haya.

Tukakunja hema papo hapo, chefu akatupa chumba, kesho yake tukarudi Goma. Njia nzima nilimuelezea: ilikuwa matembezi tu, hatukutaka kukuacha. Kila neno alijibu, "Ndiyo, papa." Hakuamini hata moja.

Zamani alikuwa anapigana na Junior juu ya kipande cha nyama. Alikuwa ananidai viatu, anaimba mpaka namukaripia. Sasa anaosha sahani bila kutumwa, na ukimuongezea chakula anasema ameshiba.

Ninyi munaolea watoto waliopita kambini, munisikilize! Mukitoka naye nyumbani, mwambieni munaenda wapi na munarudi siku gani. Mwambieni hata kama hakuuliza. Mufiche safari kwa majirani, musiifiche kwa mutoto. Na musimuache nyuma achunge vitu, hata kwa dakika tano. Vitu viibiwe!

Jana nilimuuliza anataka nguo gani ya sikukuu. Junior alikuwa ameisha kupiga kelele anataka kiatu chenye taa. Neema aliinamisha kichwa, akasema, "Yoyote mutakayonipa, papa. Aksanti." Mutoto wa nyumbani hajibu hivyo. Ni mugeni ndiye anajibu hivyo, na mugeni huyo nilimufanya miye.