Fundi wa Voi Anayepanda Nyasi Juu ya Paa

Saa saba mchana, jua la Voi limesimama utosini na mbwa wamejificha barazani mwa maduka. Gibson Maundu yuko juu ya paa la zahanati, amepiga magoti, anang'oa mche wa mgunga uliojiotea katikati ya nyasi.

"Huu ukiachwa, mizizi itapasua zege," anasema, akiutupa chini. "Nyasi ni rafiki. Mti ni mwizi."

Paa hilo ni kazi ya mikono yake: zege lililoinamishwa kidogo ili maji yapate njia, lami tabaka mbili, kokoto, kisha makarai mia nne ya udongo aliyopandisha kwa ngazi. Ndani, kina mama waliojifungua wanalala kwa raha. Enzi za mabati, ikifika saa nne walikuwa wakitoka na vichanga vyao kutafuta kivuli.

Fundi huyu wa miaka hamsini na miwili alijifunza kwa hasara. Mwaka 2009 alichimba nyasi Werugha, kule milimani kwenye ukungu, akazipanda Voi. Wiki moja tu, zikakauka kau! Watu walimcheka hadi akaona haya kupita sokoni. Siku hizi huzifuata Salaita, kwenye nyika kavu, nyasi zilizozoea kiu. Mtu huyu ana subira jamani.

Mmoja tu ndiye aliyemshinda: mkewe, Loise Mbula. Miaka minne alimkataza kugusa mabati ya nyumba yao, ingawa kila alasiri joto lilimpasua kichwa.

"Udongo juu ya mtu ni wa marehemu," Loise alikuwa akimwambia. "Mimi nitawekewa siku moja tu, na siku hiyo sitakuwa na habari."

Gibson hakubishana, ila ilimuuma. Watu baki anawapoza, mkewe anaungua.

Mwezi jana binti yao, Jedidah, alijifungua katika zahanati hiyohiyo. Loise alikwenda kumwuguza, akalala huko siku tatu chini ya udongo wa mumewe. Kisha akarudi nyumbani. Kesho yake, akipakua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aliuliza:

"Baba Jedidah, ukuta wetu utabeba zege, ama ubomolewe kwanza?"

"Kijiko kilinianguka," Gibson anasimulia, machozi yakimlengalenga. "Nikamwambia, ubomolewe. Tutalala jikoni."

Anataka kumaliza kabla ya mvua za Novemba. Nyasi, Loise amesema, atakwenda kuzichagua mwenyewe.