Radhi Niliyoombwa Mji wa Kale

Nimezaliwa Tononoka, mwendo mfupi tu kwa miguu, lakini Mji wa Kale sikuwahi kuutembea kwa hamu yangu. Shule ilitupeleka Ngomeni, tukapangwa mistari, tukarudishwa. Baba alishuka kutoka bara kufanya kazi bandarini, na Jumapili zetu zilikuwa za kanisani na nyumbani. Kwa hiyo mwenzangu, aliyezaliwa ndani ya vichochoro vile, aliponiambia Jumamosi ile tuuzunguke mji wake kama watalii, nilifurahi hadi nikaogopa.

Mpango wetu wa kwanza ulikuwa Lisbon, Ureno. Tulimaliza chuo pamoja, tukaomba ufadhili wa shahada ya pili pamoja, bega kwa bega mbele ya kompyuta yake. Hata siku ya kwanza tulikuwa tumeshaipanga: tuache mizigo, tutembee mpaka miguu iume, tuone walikotoka wale waliojenga Ngome. Jibu langu likaja, nimekataliwa. Nikampigia simu nikilia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wametukataa sote." Nikaacha kulia ili nimbembeleze yeye.

Jumamosi hiyo tulianza Makadara kwa mahamri na mbaazi, kisha tukaingia Mji wa Kale kabla jua halijapanda. Alinionyesha milango ya nakshi, roshani za mbao zilizoinamia njia, ukuta aliokuwa akirukia utotoni. Alitembea polepole, akigusa kuta kwa kiganja. Nililiona hilo. Mimi huona kila kitu, kisha hukipa maana isiyo yake.

Halafu akasema tupite kwa shangazi yake tumwamkie. Wiki nzima nilikuwa nikiwaza kama jambo hilo litatokea: nivae nini, nimbusu mkono au nisimbusu, wataionaje dini yangu. Mtandio nilikuwa nao kwenye mkoba, ikitokea. Kijana wa pale hampeleki msichana kwa shangazi zake bure, nilijiambia. Alinitambulisha kuwa ni mwenzake wa chuo, nami nikaona ni heshima. Angesemaje zaidi kabla ya posa?

Shangazi alikuwa mchangamfu. Akaniuliza hali ya wazee wangu, kazi ya baba, afya ya mama, kisha akarudi kwa mama tena. Akamtania mpwa wake kwamba amekonda kama ufito na huko aendako upepo utamchukua. Nikacheka, nikadhani huko aendako ni kwenye ndoa. Akaleta chetezo cha ubani, akamfukiza, akamwekea mkono kichwani na kumwombea dua. Nikainamisha kichwa nami, nikaitikia amina kwa sauti, nikijihesabu ndani ya dua ile. Tulipotoka alitukabidhi chupa ya achari ya ndimu, imefungwa nailoni na utepe wa gundi mara kadhaa isimwagike. Nikaamua ni zawadi ya kumpelekea mama yangu.

Nyumba ya pili ilikuwa ya ami yake. Dua tena, mkono kichwani tena. Nikajisemea kumbe ndivyo mchumba anavyoingizwa katika ukoo wa watu, na nikaanza kupanga nitakavyowaeleza nyumbani.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja, dada wa babu yake, ameketi kitandani na tasbihi. Alimshika mikono yote miwili muda mrefu. Akamwambia asiache kuswali, na baridi ya Ureno asiifanyie mzaha. Kisha akanigeukia kwa upole kabisa.

"Nawe mwanangu, wamsindikiza hadi uwanja wa ndege, au mwaagana papa hapa?"

Sikumbuki nilimjibu nini. Nadhani nilisema inshallah.

Nje, kichochoroni, hakunitazama. Alieleza kwa haraka, kama mtu aliyekariri: kwao msafiri hupita nyumba kwa nyumba kuaga na kuomba radhi, haondoki hivi hivi. Alikuwa na nia ya kuniambia leo, tukimaliza. Hakuniambia mapema kwa sababu ananijua.

"Ungeanza kufikiri," akasema. "Ungefikiri mpaka ungeniharibia."

Nilitaka kujua jambo moja tu. Nikamuuliza, ile siku niliyompigia nikilia, jibu lake lilikuwa limeshafika?

Alihamisha chupa ya achari kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Lilifika asubuhi ya siku hiyo hiyo."

Nikarudisha nyuma kila kitu: jinsi alivyonyamaza kidogo kwenye simu, jinsi nilivyomtuliza, wiki zote nilizomtafutia matangazo ya kazi nikimwambia tutasimama tena. Alinisikiliza nikiyasema hayo, na tiketi anayo.

"Umebaki wewe," akasema. "Nipe radhi nami niende."

Ndipo nilipoelewa kwamba mimi pia nilikuwa kwenye mzunguko ule wa asubuhi, nyumba ya mwisho. Nikamwambia mimi si shangazi yake, na radhi sina. Alibaki amesimama, akingoja niongeze neno, maana kwao mwenye kuaga haondoki mpaka ajibiwe. Nikapita kando yake, nikashika njia ya Biashara Street, nikaenda zangu nyumbani.